Njia ya Mwalimu wa Walinzi

Katika nchi ya Marekani uko mchezo ambao wenyewe huuita kandanda, lakini wewe msomaji ukiuona hutautambua kwa jina hilo. Mpira wake umechongoka ncha zote mbili, nao hupigwa teke kwa nadra. Muda mwingi huchukuliwa mikononi, au hurushwa hewani, au hupakatwa kifuani na mtu akimbiaye mbio ilhali wenziwe wanamfungulia njia kwa mabega yao. Kama umepata kutazama raga, basi umemwona ndugu yake wa damu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa mengine manne, wakishindwa huwaachia wapinzani wao mpira. Huo ndio msingi wa mambo yote, na aliyeuelewa anaweza kunifuata katika habari hii.

Mchezo huo una makao makubwa katika vyuo vikuu, na usidhani kwamba ni jambo la kupitishia jioni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan hukalisha watu zaidi ya 100,000. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, akimpita hata gavana, ni mwalimu wa mpira. Siku za Jumamosi, tangu mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, miji mizima huhamia viwanjani.

Nimechagua kukusimulia habari za walimu wa kazi moja tu katika mchezo huo, nao ni wale wanaofundisha ulinzi. Mshambuliaji akifaulu, umati hupiga kelele na jina lake hutangazwa. Mlinzi akifaulu, hakuna lililotokea: mpira ulikuwa hapa, na bado uko hapa. Mtu anayetumia maisha yake kufundisha wengine namna ya kuzuia mambo yasitokee ana kazi ngumu ya kuwaonyesha watu thamani yake, na ugumu huo utauona katika maisha ya mtu nitakayemtaja baadaye.

Kwanza yafaa ujue kwamba kazi hii si ya kale. Vyuo vya Rutgers na Princeton vilishindana tarehe 6 Novemba 1869, na mchezo ule wa kwanza ulikuwa karibu zaidi na kandanda yetu kuliko na huu wa leo. Baadaye ukageuka kuwa vita. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vijana 18 waliokufa kwa sababu ya mchezo, na mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa timu za Harvard, Yale na Princeton nyumbani kwake kuzungumza nao. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, na mchezaji akaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono. Lakini katika miaka hiyo yote mtu yule yule aliyeshambulia ndiye aliyelinda. Wachezaji 11 waliingia, na haohao wakafanya kazi zote mbili mpaka wachoke au waumie. Palipokosekana walinzi wa kazi ya ulinzi peke yake, mwalimu wao angetoka wapi?

Mwaka 1941 sheria ya kubadilisha wachezaji ililegezwa. Kwa muda hakuna aliyetambua maana yake. Ndipo Oktoba 1945 Fritz Crisler, mwalimu wa Michigan, akawa na shida: alikuwa na vijana wachanga, naye alipaswa kukabili timu ya Chuo cha Jeshi iliyokuwa na nguvu kuliko zote nchini. Akawagawa vijana wake makundi mawili, moja la kushambulia na moja la kulinda, ili kila kundi lipumzike wakati jingine likifanya kazi. Alishindwa siku ile alama 28 kwa 7, lakini alipigana kwa muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa, na wenziwe wakaiga. Mwaka 1953 wakubwa wa mchezo walifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa makundi mawili yanagharimu fedha nyingi kuliko moja. Ilirudishwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1965 mlango ulikuwa wazi kabisa. Tangu hapo kijana aliweza kuhitimu chuoni bila kushambulia hata mara moja, na mtu mzima aliweza kuishi miaka 40 kwa kufundisha ulinzi peke yake.

Ngazi ya kazi hii inaeleweka upesi, ijapokuwa kuipanda si upesi. Kijana aliyemaliza masomo na kucheza huanza kama msaidizi, huku akisoma shahada ya pili. Mshahara wake ni mdogo mno. Hupanga filamu za michezo, huchora mbinu za wapinzani, huenda uwanja wa ndege kuwapokea wageni. Akivumilia, hukabidhiwa kikundi kimoja: wale wanene wa mstari wa mbele, au wale wanaosimama nyuma yao, au wale wepesi wanaolinda mpira wa kurushwa. Juu ya hao yuko mwalimu mkuu wa ulinzi wote. Huyo hutazama filamu za mpinzani usiku na mchana hadi ajue tabia zake kama mwindaji ajuavyo njia ya mnyama kwenda majini: akiwa amebakiza yadi tatu hufanya nini, akiwa amebanwa karibu na mstari wake hufanya nini. Siku ya mchezo huchagua mpango mpya kila baada ya muda mfupi, akiupeleka uwanjani kwa ishara za mikono. Tangu mwaka 2024 mlinzi mmoja wa vyuo vikubwa ameruhusiwa kuvaa chombo cha kusikilizia ndani ya kofia yake. Na juu ya ngazi yuko mwalimu mkuu wa timu. Wengi hufika hatua ya tatu. Hatua ya nne ina nafasi chache, na wanaogawa nafasi hizo aghalabu huwapenda walimu wa mashambulizi, kwa maana watazamaji hulipa ili waone alama zikifungwa.

Charlie Strong alizaliwa mwaka 1960 katika jimbo la Arkansas, akakulia Luxora, mji mdogo wa nchi ya pamba karibu na mto Mississippi. Yeye ni Mmarekani mweusi, na jambo hilo halina budi kutajwa, kwa kuwa kandanda ya Kusini haikuwataka watu weusi. Vyuo vikubwa vya Kusini-Mashariki vilikuwa na shirikisho lao, na katika shirikisho hilo hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja mpaka tarehe 30 Septemba 1967, siku Nate Northington alipoichezea Kentucky. Aliingia uwanjani na msiba moyoni. Mwenzake wa chumba kimoja, Greg Page, naye mweusi, alikuwa ameumia shingo katika mazoezi, akafariki usiku wa kuamkia siku ile. Strong alikuwa mtoto wa miaka saba.

Alisoma na kucheza katika chuo cha Central Arkansas, tena aliingia timu bila ufadhili, kwa kuomba tu nafasi ya kujaribiwa. Alicheza nyuma kabisa, mahali pa mlinzi wa mwisho. Mwaka 1983 akaenda Chuo Kikuu cha Florida mjini Gainesville kuwa msaidizi wa daraja la chini. Wakati huo, katika daraja la juu la vyuo, watu weusi waliowahi kupewa timu yote waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza, Willie Jeffries, alikuwa ameajiriwa na Wichita State mwaka 1979, miaka minne tu kabla yake. Walikuwako walimu weusi mashuhuri, na mkubwa wao alikuwa Eddie Robinson wa Grambling State, aliyeshinda mara 408 kati ya mwaka 1941 na 1997. Lakini Grambling ni chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, na vyuo vya wengine havikumwendea Robinson.

Sasa tazama safari ya Strong, msomaji, na usome kwa haraka kama nami ninavyoandika kwa haraka, kwa kuwa yeye aliipita akibeba vitu vyake begani. Kutoka Florida alikwenda Texas A&M mwaka 1985, kisha Southern Illinois, kisha akarudi Florida mwaka 1988, kisha Mississippi mwaka 1990, kisha Florida tena mwaka 1991, na mwaka 1995 Notre Dame. Katika safari hiyo kuna miaka ambayo hakufundisha ulinzi kabisa, bali alifundisha wapokeaji wa mpira. Mimi nadhani miaka hiyo haikupotea. Aliyewahi kuwafundisha wezi njia za kupitia anajua mahali pa kuwasubiri.

Notre Dame ndipo alipoonwa na Lou Holtz, mwalimu mkongwe. Holtz alipopewa timu ya South Carolina mwaka 1999, alimchukua Strong na kumkabidhi ulinzi wote. Hapo Strong akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa daraja hilo katika shirikisho lile la Kusini-Mashariki. Miaka 32 ilikuwa imepita tangu siku ya Northington. Vijana weusi walikuwa wamejaa viwanjani, wakishinda vikombe kwa miguu na mikono yao. Kilichocheleweshwa kilikuwa ruhusa ya kufikiri kwa niaba ya wengine.

Mwaka wa kwanza South Carolina ilishindwa michezo yote 11. Mwaka wa pili ilishinda minane, na tarehe 1 Januari 2001 ikaifunga Ohio State 24 kwa 7. Baadaye Florida ikamwita tena, na mwaka 2003 akawa mkuu wa ulinzi pale alipoanza kama mpanga filamu.

Mwaka 2004 mwalimu mkuu wa Florida alipoondolewa, Strong aliachiwa timu kwa mchezo mmoja wa mwisho wa mwaka. Alishindwa na Miami, na kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kupewa Urban Meyer, bingwa wa mashambulizi. Meyer alikuwa na akili ya kutomwachia Strong aende. Katika msimu wa 2006, Strong akiwa ameshika ulinzi pamoja na Greg Mattison, Florida ilifika fainali na kukutana na Ohio State, timu ambayo haikuwa imeshindwa na mtu. Mgawaji mpira wa Ohio State, Troy Smith, alikuwa ametoka kupewa nishani ya Heisman, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora kuliko wote. Usiku ule wa tarehe 8 Januari 2007, Ohio State ilirudisha mpira wa kwanza kabisa uliopigwa hadi mwisho wa uwanja, na watu wengi wakadhani habari imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza ilianza. Walinzi wa Florida walimwandama Smith kila alipogeuka. Timu kubwa katika mchezo mmoja husogea yadi 300 au 400; Ohio State usiku kucha ilisogea yadi 82. Florida ilishinda 41 kwa 14.

Miaka miwili baadaye mtihani ulikuwa mkubwa zaidi. Oklahoma ilikuwa imefunga alama zaidi ya 700 katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwa limefanywa na timu yoyote katika zama za sasa, na katika michezo mitano mfululizo ilikuwa imepita alama 60. Mgawaji wake, Sam Bradford, naye alikuwa ameshika nishani ya Heisman. Safari hii Strong alikuwa peke yake juu ya ulinzi. Katika kipindi cha kwanza Oklahoma ilifika yadi moja tu kutoka mstari wa mwisho, ikajaribu jaribio la nne kwa nguvu, ikazuiwa. Ikafika karibu tena kabla ya mapumziko, na mpira ukanyakuliwa mlangoni. Florida 24, Oklahoma 14.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kuuliza: mtu wa namna hii alikosaje timu yake mwenyewe? Swali hilo Strong aliulizwa na waandishi wa magazeti siku chache kabla ya fainali ya mwaka 2009. Alikuwa amehojiwa kwa nafasi kadhaa miaka iliyopita, na kila mara nafasi ilikwenda kwa mwingine. Alisema waziwazi kwamba, katika nafasi mojawapo, watu walimwambia amenyimwa kwa sababu mkewe ni Mzungu. Wapo waliokasirika kusikia hivyo. Hesabu, hata hivyo, haina hasira: katika vyuo vipatavyo 120 vya daraja la juu, walimu wakuu weusi hawakutimia 10, ingawa karibu nusu ya wachezaji walikuwa weusi. Katika shirikisho la Kusini-Mashariki wa kwanza alikuwa Sylvester Croom, aliyeajiriwa na Mississippi State Desemba 2003.

Desemba 2009 chuo cha Louisville kikamwajiri Strong. Alikuwa na miaka 49, na 26 kati yake alikuwa ameitumia akiwatumikia wakubwa. Aliposimama mbele ya watu kushukuru, machozi yalimlengalenga. Timu aliyoipokea ilikuwa imechoka. Kwa miaka miwili ilishinda michezo saba kila mwaka, na mwaka wa tatu ikashinda 11. Mchezo wa mwisho wa msimu huo, tarehe 2 Januari 2013, ulikuwa mjini New Orleans dhidi ya Florida, timu yake ya zamani. Florida ilitazamiwa kushinda bila shida. Mpira wa kwanza uliorushwa na mgawaji wa Florida ulinyakuliwa na mlinzi wa Louisville, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Louisville ilishinda 33 kwa 23.

Januari 2014 akaitwa na Chuo Kikuu cha Texas. Hicho ni chuo chenye fedha nyingi na kumbukumbu ndefu. Timu yake ya mwaka 1969 ilikuwa ya mwisho kuwa mabingwa wa nchi bila mchezaji mweusi hata mmoja, na Julius Whittier, mweusi wa kwanza kuichezea timu kubwa, alianza mwaka 1970. Strong akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu wa timu yoyote ya wanaume chuoni pale. Alikuja na amri tano kwa vijana wake: waseme kweli, wawaheshimu wanawake, wasitumie madawa, wasiibe, wasichukue bunduki. Waliovunja amri aliwafukuza, wengine wakiwa wachezaji hodari, na kikosi chake kikapungua nguvu tangu mwanzo.

Lakini kilichomwangusha kilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika miaka ile mashambulizi yalikuwa yamebadilika, na Texas ilicheza katika shirikisho lililobadilika kuliko mengine. Washambuliaji hawakukusanyika tena kupanga shauri. Walisimama mbalimbali kwa upana wote wa uwanja na kuuanzisha mpira upesi, tena na tena, hata walinzi hawakupata nafasi ya kuvuta pumzi wala ya kubadilishwa. Ulinzi uliojengwa juu ya mipango mizuri huhitaji muda wa kuutangaza mpango. Ukinyang'anywa muda huo, umenyang'anywa silaha. Mwaka 2016 Texas ilianza kwa kuifunga Notre Dame 50 kwa 47, na watu walishangilia ushindi bila kuzitazama zile 47. Wiki mbili baadaye California iliwafunga 50, na Oklahoma State ikafuata kwa 49. Strong alimwondolea msaidizi wake madaraka ya ulinzi, akayashika kwa mikono yake mwenyewe kama zamani. Ulinzi ulipata nafuu kidogo. Tarehe 19 Novemba Texas ilishindwa na Kansas, timu dhaifu ambayo haikuwa imewashinda tangu mwaka 1938, na wiki moja baadaye Strong aliachishwa kazi. Katika miaka mitatu alikuwa ameshinda michezo 16 na kushindwa 21.

Wengine husema Texas haikumpa muda wa kutosha. Wengine husema chuo kile hakina desturi ya kumvumilia mtu yeyote, awe mweusi au mweupe. Mimi naona maneno yote mawili yana ukweli, lakini hayafuti kwamba vijana wake walifungwa alama nyingi katika jambo ambalo yeye alikuwa fundi wake.

South Florida ilimchukua mara moja. Mwaka wa kwanza alishinda 10 na kushindwa miwili. Wa pili alishinda saba mfululizo, kisha akashindwa sita mfululizo. Wa tatu, yaani 2019, alishinda minne tu, na kazi ikaisha. Hapo wengi wa rika lake hustaafu, kwa kuwa fedha hawakosi. Strong alikwenda Alabama mwaka 2020 kuwa mchambuzi wa ulinzi, cheo kisichomruhusu hata kuwafundisha vijana uwanjani, akatazama filamu na kuandika taarifa kwa ajili ya wengine. Alabama ilishinda michezo yake yote 13 mwaka huo. Mwaka 2021 alimfuata Urban Meyer katika timu ya kulipwa ya Jacksonville. Meyer alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Miami kikampa Strong kazi ya kufundisha walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele. Ni kikundi cha namna ileile alichokabidhiwa Gainesville mwaka 1988, alipokuwa kijana wa miaka 28.